Ukiambiwa Utume Kwanza, Usitume

Msikilizaji, najua chai iko mezani, simu iko kwenye chaji, na humo ndani kuna ujumbe unakungoja: "Kazi ya kuandika ukiwa nyumbani, walemavu wanapewa kipaumbele, tuma shilingi 1,500 za usajili." Usitume! Kila wiki nalisema hili, na kila wiki kuna mtu anatuma.

Dada mmoja wa Likoni, aliyepooza upande wa kushoto, alituma hizo 1,500. Akaambiwa bado 800 za cheti. Akatuma. Kisha 2,000 za kufunguliwa akaunti. Alipokosa, hawakupokea tena simu zake. Na pesa zote ziliingia kwenye laini ya mtu binafsi! M-Pesa ilimwonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijatoka. Kampuni gani hiyo yenye jina la mtu na babake? Jina hilo hatulisomi, tunakimbilia kubonyeza.

Mwajiri ndiye anayekulipa wewe.

Nawe kaka mtu, unayemfungulia mdogo wako akaunti ya kazi za mtandaoni kwa kitambulisho chako eti kumpunguzia usumbufu, acha. Siku mtandao ukitaka kuona uso wa mwenye akaunti, inafungwa, na jasho lake limepotea. Malipo nayo yaingie kwenye laini yake, si yako.

Mafunzo ya bure yapo, Ajira Digital ya serikali inayatoa.

Nirudi kwa dada yetu. Anaandika kwa mkono mmoja. Kwenye kompyuta ya Windows, ukibonyeza Shift mara tano na kukubali, huna haja tena ya kushika vitufe viwili pamoja: unagusa Shift, unaachia, ndipo unagusa herufi. Akichoka, anaongea na Google Docs inaandika. Hakulipia chochote hapo, na sasa ananukuu mahojiano yaliyorekodiwa.

Juzi kaletewa ujumbe mwingine: tukusaidie kurudishiwa pesa ulizotapeliwa, ada 500. Walewale! Kama umeshatuma, usimtafute wakala wa kukurudishia. Peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa namba 456 dakika hiyohiyo, maana tapeli akishazitoa, hakuna cha kurudisha.