MWANZI WA WATOTO WA MAFIGA

Jumatatu jioni nikitoka kazini niliwakuta watoto watano wa mtaani kwetu Mafiga wamejipanga kando ya mtaro wa maji ya mvua. Walikuwa na mwanzi mrefu, wa aina ile inayoteremshwa kutoka milimani Uluguru kwa kujengea. Mmoja alikimbia, akauchomeka mwanzi katikati ya mtaro, akaning'inia hewani, kisha akatua ng'ambo huku wenzake wakishangilia.

Niliwanyang'anya mwanzi ule. Mkubwa wao, ambaye ni mwanangu, akasema, "Baba, hakuna aliyeumia." Nikamjibu, "Bado." Mwanzi nikaupeleka nyumbani, na sasa ni boriti ya banda la kuku.

Lakini usiku ule sikulala vizuri, maana mchezo wenyewe naufahamu. Wenzetu wanauita kuruka kwa upondo, na upo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1896. Siku hizi warukaji hutumia fito za nyuzi za kioo zinazopinda kama upinde. Zamani walitumia mwanzi, kama huu wa banda langu la kuku.

Bingwa mkubwa wa mwanzi alikuwa Mmarekani, Cornelius Warmerdam, mtoto wa wakulima wahamiaji kutoka Uholanzi, aliyejifunzia kuruka shambani kwao California. Mwaka 1940 akawa mtu wa kwanza duniani kuruka futi 15, yaani mita 4.57. Kimo hicho alikivuka mara 43 katika mashindano kabla hajastaafu, na katika muda wote huo hakuna mwingine aliyekifikia hata mara moja. Mwaka 1942 aliruka mita 4.77, rekodi iliyodumu miaka 15.

Je, alipata medali ngapi za Olimpiki? Hakupata hata moja. Michezo ya mwaka 1940 na ya 1944 ilifutwa kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili. Mtu aliyewazidi wote alimaliza enzi zake bila kukanyaga uwanja wa Olimpiki.

Wasikilizaji, hadithi hiyo sisi Watanzania tunayo ya kwetu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, kijana wetu kutoka Karatu, Filbert Bayi, alikimbia mita 1500 akiongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Mwenyeji, John Walker, alimfukuza hadi mwisho. Naye, ingawa alikuwa wa pili, aliivunja rekodi ya zamani. Mei 1975, mjini Kingston, Jamaica, Bayi akaivunja na rekodi ya maili moja. Dunia nzima ikawa inangojea Montreal, mwaka 1976, wawili hao wakutane tena.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini, na wakubwa wa Olimpiki wakakataa kuiondoa nchi hiyo. Zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika, zikasusia, na Tanzania ikiwamo. Walker akachukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39. Hakuna awezaye kuapa kwamba Bayi angeshinda. Alichonyimwa ni nafasi ya kujaribu.

Je, nchi ilikosea? Mimi nasema haikukosea. Mwaka ule nilikuwa sijazaliwa, lakini mwenye shaka na aende Mazimbu, si mbali na hapa Mafiga. Watoto wa Soweto walipigwa risasi Juni 1976, mwezi mmoja kabla ya Montreal. Waliokimbia walikaribishwa hapa Morogoro, na ANC ikajenga Mazimbu shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Mwaka 1992 walipokuwa wakirudi kwao walitukabidhi majengo, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wengine hawakurudi, makaburi yao yapo palepale. Huwezi kusimama mbele ya makaburi yale ukasema mbio za mita 1500 zilikuwa na uzito zaidi.

Lakini haki ya uamuzi haifuti gharama yake. Tulioamua tulikuwa taifa zima. Aliyelipa kwa miguu yake alikuwa kijana wa miaka 23, na ujana wa mkimbiaji haurudi.

Bayi hakukaa kulalamika. Alihamia mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3000, na mwaka 1980 kule Moscow akapata medali ya fedha, akitanguliwa na Bronisław Malinowski wa Poland tu. Mwenzake Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5000. Hadi leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki tulizo nazo. Baada ya kustaafu Bayi akafungua shule, Kimara na Kibaha. Warmerdam naye akawa mwalimu wa riadha chuoni Fresno kwa miaka mingi. Wote wawili walinyimwa uwanja, nao wakawatengenezea wengine uwanja.

Hapo ndipo nilipojiona mkosaji. Kuwazuia watoto wasiruke mtaro wenye mawe na vipande vya chupa ilikuwa haki yangu, na kesho nitawazuia tena. Kosa langu ni kwamba niliondoka na mwanzi bila kuwaachia kitu. Sisi wazazi, na sisi taifa, tuna desturi ya kuamua vizuri na kuishia hapo. Kijana hupewa sababu, tena kwa ukali, lakini hapewi njia nyingine.

Jumamosi nitanunua mwanzi mwingine. Nimeshaongea na fundi seremala mmoja anipe magunia ya maranda. Enzi za Warmerdam warukaji walitua juu ya maranda na mchanga. Tutayamwaga nyuma ya nyumba, mbali na mtaro, nami nitakuwapo. Boriti ya kuku iachwe ilipo.

Nawaombeni na ninyi mtazame: ni kitu gani mlichomnyang'anya mtoto kwa haki, na mmempa nini badala yake?

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo.