Jicho la Mtoto Halingoje Barieri



Leo hatukuja kuongea uchaguzi. Tumekuja kuongea macho ya watoto. Wengine watauliza: vijana wa mapambano wanatafuta nini katika mambo ya waganga? Jibu letu ni hili: mtoto akipofuka wakati matunzo iko, tusiseme ni Mungu amependa. Hapo kuna swali la haki, na haki ni kazi yetu.

Tuanze na simu zenu. Ukimpiga mtoto picha na flashi, mahali penye giza kidogo, mara nyingi mboni za macho zinatoka nyekundu. Hiyo ni kawaida. Lakini kama mboni moja inatoka nyeupe, picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, sawa jicho la paka usiku, usicheke na usifute picha. Inaweza kuwa mwangaza tu. Inaweza pia kuwa ugonjwa, na muganga wa macho peke yake ndiye atajua. Vilevile mtoto akianza kuwa na kengeza, apelekwe.

Mboni nyeupe inaweza kuwa mtoto wa jicho. Ndiyo, ule ugonjwa tunaozoea kuona kwa wazee, kuna watoto wanazaliwa nao. Unapasuliwa na mtoto anaona. Lakini ubongo unajifunza kuona katika miaka ya kwanza ya maisha. Kama mtoto amezaliwa na ukungu mzito, waganga wanapenda kumpasua katika majuma ya kwanza. Ukingojea mpaka aingie masomo, jicho litasafishwa lakini ubongo hautajua tena kulitumia vizuri.

Inaweza pia kuwa retinoblastoma, kansa ya jicho. Inashika watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka 5. Haiumizi mwanzoni, ndiyo maana inatudanganya: mtoto anacheza, anakula, na kansa inakomaa. Muganga anatia dawa ya kufungua mboni, anamlaza mtoto usingizi, anaangalia ndani mpaka nyuma. Ikiwa mapema, jicho linaweza kuokolewa. Ikiwa imekawia, jicho linatolewa ili mtoto aishi. Wazazi wengi wanakimbia wakisikia neno hilo, na tunawaelewa. Lakini ikitoka nje ya jicho inaingia kwenye ubongo, na hapo tunazika. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 95 kwa 100 wanapona. Kansa ni ileile. Tofauti ni siku walizofika kwa muganga, na matunzo waliyoyakuta.

Na hapa karibu yetu matunzo iko. Pale Mbarara, Uganda, hospitali ya macho ya Ruharo inatunza kansa hii. Tangu 2009 kemoterapi iliongezwa juu ya operesheni, na watoto wanaopona wakaongezeka. Toka Rutshuru unapita Bunagana, Kisoro, Kabale, unafika. Kwenye karta ni safari ya siku moja.

Lakini sisi hatuishi kwenye karta. Bunagana ilishikwa na M23 mwezi wa 6, 2022. Rutshuru mwezi wa 10 mwaka uleule. Goma mwezi wa 1, 2025. Mama mwenye mtoto mgongoni anahesabu barieri, anahesabu pesa, anaambiwa na jirani kwamba mtoto amelogwa, anarudi nyumbani. Miezi inapita. Kansa haijui nani anatawala barabara.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Moja: kila mtoto anayekuja kwa chanjo amulikwe macho na tochi, ni dakika moja. Mbili: mtoto mgonjwa na mzazi wake wapite kila barieri bila kulipa na bila kungojeshwa, na hili tunaliambia kila mwenye silaha, avae nguo gani. Tatu: serkali ilipe safari na matunzo ya watoto hawa. Mzazi asiuze shamba juu ya jicho.

Na sisi wenyewe? Tusingojee serkali ndiyo tuanze. Juma hili kila mmoja aangalie macho ya watoto watano katika avenue yake. Ukiona nyeupe, usitangaze mtoto kwenye WhatsApp, picha yake siyo ya kuchezea. Ongea na mama yake kwa heshima, umsindikize kwenye kituo cha afya, uombe wamtume kwa muganga wa macho. Akikosa nauli, tuchange.

Tumezoea kuhesabu waliokufa na risasi. Hawa wanaopofuka kimyakimya nao ni wetu. Tuanze leo jioni.