Kila Uso na Kitambaa Chake

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri na wakazi katika mkutano wa hadhara wa kata



Nimepewa dakika chache, nami nitazitumia kuzungumzia kitu ambacho ni nadra kuingia katika ajenda zetu: kitambaa cha kunawia uso.

Nyumbani kwa marehemu bibi yangu kilikuwapo kimoja tu, kikitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila asubuhi alikichovya majini, akampangusa mtoto wa kwanza, wa pili, hadi wa sita, kisha akajifuta mwenyewe. Alifanya hivyo kwa upendo. Uzeeni kope zake ziligeukia ndani, akawa anazing'oa kwa kikoleo kidogo, hata nuru ikamtoka. Siwezi kuapa kwamba kitambaa kile pekee ndicho kilichomponza. Leo najua kwamba ugonjwa ule, trakoma, ambao wengi tunauita vikope, husafiri kwa njia hiyo hiyo.

Trakoma husababishwa na bakteria. Hukaa katika tongotongo na makamasi ya mtoto mgonjwa, wakapita kwa vidole, kwa nzi, na kwa kitambaa au ncha ya kanga inayofuta nyuso nyingi. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, kope la juu hupata makovu kwa ndani. Miaka mingi baadaye hugeuka, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho. Wanawake hupofuka zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto.

Mkoa wetu wa Dodoma una ushahidi wake. Kwa jirani zetu wa Kongwa, watafiti walilinganisha vijiji vilivyopewa dawa ya macho peke yake na vile vilivyopewa dawa pamoja na kampeni ya kunawisha watoto nyuso. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba trakoma kali ilikuwa ndogo zaidi palipokuwa na kampeni hiyo. Dawa ni muhimu, lakini uso mchafu huukaribisha ugonjwa tena.

Najua mtaniuliza: maji yako wapi? Wakati wa kiangazi ndoo moja hutoka mbali. Swali hilo ni la haki, na wenye dhamana ya maji hawajasamehewa deni lao. Hata hivyo, uso wa mtoto unatakasika kwa viganja viwili vitatu vya maji. Kibuyu chirizi kikining'inizwa karibu na choo huyatoa kidogo kidogo, bila kuchafua yaliyobaki.

Basi tufanye hivi. Kila mtoto awe na kitambaa chake. Hakuna haja ya kununua: kanga kuukuu hutoa vipande vingi, na uzi wa rangi tofauti pembeni hutambulisha mwenyewe. Kisipopatikana, mnawishe kwa mikono safi, kisha uso uachwe ukauke wenyewe. Hiyo ni salama kuliko kitambaa cha kushirikiana.

Kifuliwe kwa sabuni, kisuuzwe, kianikwe juani hadi kikauke kabisa. Kitambaa kinachokunjwa kikiwa kibichi hunuka kwa sababu vijidudu vimezaliana humo. Cha mwenye macho mekundu kifuliwe peke yake. Cha uso kisifute vyombo, cha vyombo kisifute meza, na kikichakaa kiwe tambara la kudekia, kisirudi tena usoni.

Mwenye kope zinazochoma jicho asizing'oe nyumbani akingojea giza. Afike kituo cha afya, kwani upasuaji mdogo wa kope huzuia jicho lisiendelee kuharibika.

Ndugu zangu, jioni ya leo kila mmoja atazame msumari ulio nyuma ya mlango wake, ahesabu vitambaa, kisha ahesabu watoto. Hesabu zisipolingana, kazi ianzie hapo.