Kisha lisansi, njia gani? Maneno yenye kutolewa ku mukutano wa chama, Kamalondo

 

Juzi mama mumoja wa chama aliniuliza: "Mutoto wangu alimaliza kimia ku unif. Sasa anataka masta. Nimukopee makuta ya chama ao nimukatalie?" Sikumujibu palepale, sababu ile ulizo ilinigusa miye mwenyewe.

Benye tulirudia pamoja banakumbuka: Pweto ilianguka mu mwezi wa 12 mwaka 2000, tukavuka Zambia. Nilisoma mu kambi ya Kala, kwa Kiingereza, tukarudia mbele kambi ifungwe mu 2010. Nikasoma kimia hapa Lubumbashi. Kisha kumaliza, kazi hakuna. Nikaingia masomo ingine ya biashara, paka sababu wenzangu balikuwa banaenda. Mama aliuzisha mashini yake ya kushona. Kisha miezi 6 nikaacha. Hakuna mutu alinidanganya. Nilitafuta diploma, sikujua natafuta kazi gani.

Njo maana ninaleta maulizo tatu.

Ya kwanza: unataka kutengeneza nini? Kimia, biolojia, jeolojia, hivi ni vyombo tu. Na kazi ya kufanya kwetu haikosekane. Profesa Célestin Banza wa UNILU na wenzake bapima mukojo ya batu ba Katanga, bakatangaza mu 2009 kama kobalti ilikuwa nyingi sana ndani ya miili ya benye kuishi karibu na migodi na viwanda. Ku Penga Penga, hapa mu muji, batu ba agronomia balipanda miti na majani pa udongo wenye kuharibiwa na moshi ya kiwanda. Mutu wa kimia anaweza kwenda mu afya, mu mayi, mu udongo, ao mu labo ya mugodi. Kila njia inaomba masta yake.

Ya pili: masta ya utafiti ao ya kazi? Bazazi, muangalie vizuri. Zamani ilikuwa graduat miaka 3, lisansi 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 tuliingia mu LMD: lisansi miaka 3, masta 2, doktora 3. Jina ni lile lile, lakini lisansi ya leo haifike miaka 5 kama ile ya zamani. Mwenye kutaka kufundisha ku unif, njia yake ni utafiti. Mwenye kutaka labo ao ONG, aulize kwanza bale benye kuandika batu kazi: banaomba nini?

Ya tatu: karatasi zako zinakubaliwa wapi? Mwenye diploma ya Zambia anapashwa kuomba ekivalansi ku ministere, Kinshasa. Aanze mapema. Na mwenye kujua Kiingereza ya kambi asiitupe: Copperbelt University iko Kitwe, ngambo ya Kasumbalesa, karibu kuliko Kinshasa. Lakini apige hesabu ya miaka yote, hapana ya mwaka wa kwanza tu.

Sasa mama, jibu yangu ni hii: usimukatalie, na usimupatie leo. Afanye kwanza staje, hata miezi mitatu. Kisha aje mbele ya komite na karatasi moja yenye majibu ya haya maulizo. Pale, chama imukopeshe. Na kwenu benye kutusaidia: bursi ni muzuri, lakini batoto bengine banasimama paka sababu ya makuta ya karatasi na ya safari. Mutukumbuke pale pia.

Miye leo ninapima mayi ya visima mu vijiji, na ninajitayarisha kuingia masta ya mayi, na miaka yangu 36. Mashini ya mama sijairudisha bado. Ni ile deni inanisukuma kusema mbele yenu.