Imbwa ya Nyumba Yako Iko na Karte?

Mafundisho kwa wamama wanaokuja kupimisha watoto



Kila mwezi munaleta hapa karte ya mutoto. Tunaangalia kilo zake, tunaangalia sindano alizopata na zile zinazobaki. Mama akipoteza karte anahuzunika, sababu anajua kwamba ile karatasi ni ulinzi wa mutoto wake. Leo ninataka kuwauliza ulizo lingine. Imbwa inayolala mbele ya mulango wako, ile inayocheza na watoto na kulamba vidole vyao, nayo iko na karte? Imechanjwa mwaka gani? Watu wa avenyi yenu wanajua mwenyewe ni nani?

Ninajua wengine watacheka. Watasema, "Mama mwalimu, sisi tunatafuta chakula cha watoto, na wewe unatuletea maneno ya imbwa!" Musikilize kwanza, kisha mutahukumu.

1. Ugonjwa unaokuja na imbwa

Munajua ugonjwa wa wazimu wa imbwa, ule ambao kwa Kifaransa watu wanauita raje. Mududu wake anakaa ndani ya mate ya imbwa yenye kugonjwa. Imbwa ikiuma mutu, ao ikilamba kidonda chake, mududu anaingia. Anapanda polepole katika mishipa mpaka kufika kwa ubongo. Mara nyingi safari hiyo inachukua mwezi 1 mpaka miezi 3, na wakati mwingine inapita mwaka. Kidonda kinapona, mama anasahau, mutoto anacheza. Kisha siku moja mutoto anaanza kusikia homa, na mahali alipoumwa panamuwasha. Anapewa maji, anayaogopa, koo inajikaza. Wamama, tangu saa ile hakuna dawa ya kumuponyesha, hapa wala Ulaya. Karibu wote wanakufa.

Shirika la Afya la Dunia, lile tunaloita OMS, linakadiria kwamba watu karibu 59,000 wanakufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao katika Afrika na Asia. Kati ya 100 wanaoupata, 99 walipewa na imbwa. Na kati ya watu 100 wanaoumwa na nyama inayozaniwa kuwa na wazimu, 40 ni watoto wenye chini ya miaka 15. Juu ya nini watoto? Kwanza wao wanapenda kucheza na imbwa. Tena mutoto ni mufupi, imbwa inamufikia kwa uso na kichwa, karibu na ubongo. Na mara nyingi mutoto anaficha, sababu anaogopa kupigwa.

Musizani kwamba imbwa yenye wazimu inakimbia na kubweka siku zote. Ingine inanyamaza, inajificha chini ya kitanda, taya inalegea, mate yanatoka, haiwezi kumeza. Mutu anafikiri mufupa umekwama ndani ya koo, anaingiza mukono kuutosha. Usifanye hivyo hata kidogo!

2. Karte ya imbwa

Basi ulinzi uko wapi? Uko mbele ya kuumwa, na unaanza kwa mwenye imbwa. Ni mambo matatu: kuiandikisha, kuichanja, na kuihasi.

Kuandikisha ni kusema mbele ya serikali: imbwa hii ni yangu, nami nitajibu kwa ajili yake. Wawindaji wetu wanajua zamani maana ya neno hili. Imbwa ya kuwinda inavalishwa kengele ya muti kwa shingo, na mwenyewe anaijua kwa sauti hata ndani ya pori. Katika miji mingi ya dunia ile kengele imekuwa kipande cha chuma chenye namba. Imbwa ikiuma mutoto, namba inasema mwenyewe ni nani, na karte inasema kama imechanjwa. Bila namba na karte watu wanabaki kukisia, na mutoto hawezi kungojea makisio.

Kuchanja ndiyo jambo kubwa kupita yote. Sindano ya imbwa inarudiwa kwa tarehe ambayo veterineri anaandika juu ya karte, mara nyingi kila mwaka. Watoto wa imbwa nao wanachanjwa, sababu wale wadogo wanaopendwa na watoto wetu wanaweza kuleta wazimu sawasawa na mukubwa. Wanganga wanatufundisha kwamba kama imbwa 70 kati ya 100 za pahali zimechanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Ndiyo maana karte ya imbwa yako moja inasaidia mutoto wa jirani pia.

Watu wengine wanasema: "Dawa ni kuziua zote." Lakini ukiua imbwa za kartye moja, majirani wanaleta zingine zisizochanjwa, na wenye imbwa wanazificha. Tazameni kisiwa cha Pemba, kule Tanzania. Walichanja imbwa za kisiwa mara kwa mara, na kwa mwaka 2014 ugonjwa ulikoma. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka inje. Wakachanja tena, wala hawakuacha, na kwa 2018 ukakoma. Hapa tunajifunza kwamba chanjo inaweza, lakini haimalizike kwa siku moja. Ni kama kufagia lupango: ulifagia jana, na leo utafagia.

3. Juu ya kuhasi

Imbwa jike inabeba mimba miezi 2 tu. Mara nyingi inazaa mara 2 kwa mwaka. Tuseme inazaa 6 kila mara: ni 12 kwa mwaka mumoja. Nani atawapa chakula? Nani atawachanja wote 12? Wachache wanapata watu wa kuwachukua. Wengine wanatupwa soko, wanakula takataka, wanazurura, wanapigana na kuumana. Pale ndipo wazimu unapata nguvu. Ukiona watoto wa imbwa wametupwa kwa jalala, ujue pengine miezi michache mbele ya hapo kulikuwa mutu aliyesema, "Acha izae tu, ni Mungu anatoa."

Tunajua wote namna ya kuhasi mbuzi dume. Imbwa dume nayo inahasiwa, makende yanaondolewa. Imbwa jike inafanyiwa operesheni ya tumbo, kizazi kinaondolewa, isizae tena. Ni kazi ya veterineri mwenye dawa ya kulalisha nyama. Musikubali mutu aifanye na wembe nyuma ya nyumba: ni mateso, na kidonda kinaoza.

Wababa wengi wanakataa. Wanasema imbwa iliyohasiwa haitalinda nyumba tena. Uwajibu kwa heshima: masikio yake yanabaki, pua inabaki, na sauti inabaki. Itabweka mwizi akikuja. Kile kinachopunguka ni kutoroka usiku kufuata majike na kupigana njiani. Imbwa inayobaki nyumbani ndiyo inayolinda nyumba. Lakini mukumbuke: kuhasi peke yake hakuzuizi wazimu. Imbwa iliyohasiwa nayo inapaswa kuchanjwa.

Ndugu zetu Wakongomani waliokwenda kukaa Marekani wamekuta sheria za namna hii. Katika muji wa New York mwenye imbwa anapaswa kulipia karte kila mwaka. Bei iliwekwa dola 8 na nusu kwa imbwa iliyohasiwa, na dola 34 kwa imbwa isiyohasiwa. Munaona hekima ya ile bei? Anayesaidia watu wote analipa kidogo, anayeongeza muzigo wa watu wote analipa zaidi. Muji wa Los Angeles uliweka sheria mwaka 2008 kwamba imbwa na paka wahasiwe wakifika miezi 4, isipokuwa wale waliopewa ruhusa.

Sisi hatuko New York. Kwetu sheria ya muji moja haifanane na ya muji mwingine, na pengine hata kumupata veterineri ni safari. Kwa hiyo usingojee sheria ikufuate nyumbani. Wewe na baba ya watoto mwende kwa ofisi ya komini ao ya shefu, na kwa huduma ya ufugaji, muulize maneno manne:

Imbwa inaandikishwa wapi, na kwa bei gani?
Chanjo ya imbwa inatolewa mwezi gani, na wapi?
Ni saa gani imbwa inapaswa kufungwa?
Imbwa ikiuma mutu, tumujulishe nani?

Kama hakuna kuhasi katika pahali penu, fungeni jike wakati wa joto lake, majuma karibu 3, ndani ya lupango lenye kufungika vizuri. Hiyo haikombi feza nyingi. Na kama franga ni kidogo, heri imbwa moja yenye karte kuliko imbwa tatu zisizojulikana.

4. Kama imbwa imeuma mutoto

Hapa nataka kila mama asikie, hata kama hana imbwa.

Kwanza, osha kidonda na maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Hata kama kidonda ni kidogo kama mukwaruzo. Maji ya kumiminika ni mazuri zaidi. Kazi hii haingoje munganga, ni kazi yako wewe, pale pale nyumbani. Kuosha kunatosha wadudu wengi.

Pili, usiweke kitu kingine. Hakuna mafuta ya ngazi, hakuna pilipili, hakuna majivu, hakuna nywele za imbwa zilizochomwa. Jiwe nyeusi nayo haiwezi kuvuta wazimu. Vitu hivi vinapoteza saa, na saa ndiyo uzima wa mutoto.

Tatu, mupeleke hospitali siku ileile. Sindano si moja. Utapewa siku za kurudi, na usikose hata siku moja, hata kama kidonda kimekauka. Kama kidonda ni kibaya, munganga ataweka pia serumu ndani yake. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha anaweza kuchomwa sindano hizi bila woga.

Ine, usiwaache watu waiue ile imbwa mara moja, kama inaweza kufungwa bila hatari. Veterineri ataiangalia siku 10. Ikibaki nzima siku zote 10, haikuwa na wazimu ndani ya mate siku ile ilipouma. Lakini mutoto asingojee zile siku 10: aanze sindano, na munganga ndiye atakayesema kama zinaweza kusimamishwa. Na imbwa iliyouma mutu isichinjwe ya kuliwa. Anayeshika kichwa na ubongo wake anaweza kujiletea kifo kwa kidonda kidogo cha mukono.

Sindano hizi zina historia, na ndani yake kuna mama. Mwaka 1885 mutoto wa miaka 9, jina lake Joseph Meister, aliumwa na imbwa yenye wazimu mahali pengi kwa mwili. Mama yake hakukaa kulia nyumbani. Alimupeleka mbali mpaka Paris, kwa mutaalamu Louis Pasteur, ambaye alikuwa anatafuta dawa. Tarehe 6 ya mwezi wa 7 mutoto akaanza kuchomwa sindano, siku 2 tu baada ya kuumwa. Akapona, akakua kuwa mutu mukubwa. Elimu ya Pasteur ilikuwa kubwa, lakini kama mama angalikawia, ile elimu ingalimufikia mutoto akiwa amekwisha kuogopa maji.

Kwa hiyo neno moja la mwisho. Hospitali nyingine za kwetu hazina sindano hizi kila siku, sababu zinahitaji kukaa ndani ya baridi na bei yake iko juu. Leo, mbele ya kurudi nyumbani, uulize kwa dirisha la kuandikishia: zinapatikana hapa? Kama hapana, ni wapi karibu? Jibu uliandike nyuma ya karte ya mutoto. Usingojee kutafuta njia wakati damu inatoka.

Maulizo ya kuzungumuza pamoja

1. Katika avenyi yenu, imbwa ngapi zina mwenyewe anayejulikana? Ngapi zimechanjwa?
2. Tutawaambia nini wababa wanaokataa kuhasi imbwa?
3. Utaosha kidonda dakika ngapi, na kwa kitu gani?
4. Mutoto wako akiumwa leo, atakuambia, ao ataogopa fimbo? Umwambie nini jioni hii ili asifiche?