Nani Atachora Habari za Babu Zetu?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na vijana, Itetemia, Tabora)

  

Picha hii ninayoizungusha ni nakala tu, naomba msiikunje. Hao ni wachezaji wa ngoma ya kabila la Apache, Marekani, wamevaa vinyago na mataji marefu. Aliyewachora kwa rangi za maji ni Mwapache mwenzao, Allan Houser.

Wazee wake walipigana na serikali pamoja na Geronimo. Waliposhindwa mwaka 1886 walifungwa kama mateka wa vita, watoto na akina mama pia: Florida, Alabama, kisha Oklahoma. Kifungo kilidumu kama miaka 27. Allan alizaliwa mwaka 1914, wa kwanza katika familia yake kuzaliwa nje ya kifungo. Vita hakuviona. Baba yake ndiye aliyemsimulia, akamwimbia na nyimbo zake, naye akachora aliyoyasikia. Mwaka 1934 alikwenda kusoma uchoraji Santa Fe. Mwalimu wake alitaka wote wachore kwa mtindo mmoja, jambo ambalo baadaye Houser alililalamikia. (Walimu mliopo hapa, mnisamehe.)

Sasa turudi nyumbani. Januari 1861 Speke na Grant walifika Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii. Grant alikuwa na rangi za maji katika safari hiyo, na picha zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Namshukuru, alichora kwa makini. Lakini alikuwa mpita njia. Mpagazi aliyebeba pembe kutoka huku hadi Bagamoyo, bega likachubuka, angechora nini? Na waliomwona Mtemi Isike akijilipua kwa baruti ndani ya boma lake, Januari 1893?

Hapa kijijini alikuwepo mzee aliyesimuliwa hayo na bibi yake. Nilimsikiliza mara mbili, nikasema nitarudi na daftari. Nilirudi siku ya maziko.

Kwa hiyo naomba hivi. Jumamosi ijayo, baada ya kazi za shamba, kila kijana aje na mzee mmoja. Karatasi tunazo, rangi za maji tunazo boksi sita, brashi tutapokezana. Mzee asimulie kwa Kinyamwezi akipenda. Mtoto achore anavyosikia, na mtu asimsahihishe farasi kuwa punda. Nyuma ya karatasi tuandike jina la msimulizi na tarehe.

Bibi Mkubwa pale nyuma ameshaniuliza kama chai itakuwepo. Itakuwepo.