Mboni Zisizolingana: Nani Apandishwe Chombo Kwenda Kismayo?

Mboni moja ya jicho ikionekana kubwa kuliko ya pili, wengi huagiza mgonjwa akimbizwe hospitali. Kwa mtu wa visiwa vya Chula, Koyama au Ngumi katika pwani ya Somalia, agizo hilo ni mafuta ya mashine, ni chombo kilichoachishwa uvuvi, na wakati wa kusi ni kuihatarisha roho ya mgonjwa pamoja na mabaharia. Hoja yangu ni kwamba tochi, chumba chenye giza na maswali machache yanatosha kumtambua anayestahili kusafirishwa usiku uleule. Takriban mtu 1 kati ya 5 ana mboni zinazopishana kidogo, aghalabu chini ya milimita 1, naye ni mzima kabisa.

Mboni inatawaliwa na misuli miwili. Mmoja huifumba mwangani kwa amri ya neva ya tatu ya ubongo. Mwingine huifungua gizani kwa amri ya neva zinazoshuka hadi kifuani kisha zikapanda shingoni. Kwa hiyo tofauti ikizidi mwangani, mboni kubwa ndiyo yenye kasoro: huenda jicho limepigwa na kamba au risasi ya mshipi, au limeguswa na kidole chenye utomvu wa mnanaha. Tofauti ikizidi gizani, mboni ndogo ndiyo ya kushukiwa, hasa kope ikilegea kidogo. Hali hiyo ikizuka ghafla pamoja na maumivu ya shingo, au baada ya jeraha la shingo, mshipa mkubwa wa damu huenda umechanika, na hapo hakuna kungoja. Jicho jekundu linalouma, lenye mboni ndogo iliyopinda, mara nyingi lina uvimbe wa ndani. Tofauti isiyobadilika mwangani wala gizani, na inayoonekana hata katika picha ya zamani, si ugonjwa.

Atapinga mtu kwamba kukosea hapa ni kuua, basi heri wote wapelekwe. Pingamizi hilo ni zito, lakini linasahau kwamba damu inayokandamiza ubongo baada ya kichwa kugongwa haibadilishi mboni peke yake. Fahamu nazo hupungua. Anayezungumza vizuri na kutembea sawasawa ni nadra awe na hatari hiyo. Nakubali kuna wa kuogopwa hata akiwa na akili timamu: mwenye mboni kubwa, kope iliyoanguka, anayeona vitu viwili na kuumwa kichwa ghafla, kwani mshipa uliovimba ubongoni unaweza kupasuka. Huyo asafirishwe bila kujadiliana. Na kila anayeondoka aandikiwe saa ya uchunguzi, ukubwa wa kila mboni na kiwango cha fahamu, kwa sababu daktari wa Kismayo atahitaji kujua kilichobadilika baharini.